Msumari wa Posta

Ukutani mwa posta yetu hapa Bellwort, Nebraska,
juu ya mizani ya vifurushi,
kulia kwa saa iliyokwama saa tisa na dakika kumi,
upo msumari mmoja. Niliukuta.
Aliyeupigilia simjui; hata aliyenikabidhi funguo hakumjua.
Marais sita nimewatundika pale kwa mikono yangu
na hakuna aliyenishitaki.

Kazi yenyewe si ngumu.
Kila baada ya miaka minne, au minane tukichelewa kukinai,
napanda kiti, namshusha aliyemaliza muda,
napangusa kioo, nampandisha mwenzake.
Msumari hauulizi chama.

Lakini mwaka ule picha ilichelewa.
Wa zamani nilikwisha kumshusha, amri ni amri,
na mpya hakuwa amefika.
Ukabaki mraba mweupe kwenye rangi iliyochakaa,
kama ngozi iliyojificha chini ya saa ya mkononi.

Wiki ya kwanza, kimya.
Ya pili akaingia Emmerich Vavra, mkulima wa mahindi,
theluji mabegani, anataka stempu ishirini.
Akatazama juu. Akasema:
"Huyu wa sasa namkubali. Hajadanganya bado."
Tukacheka wote kwenye foleni,
hata wale wasiosalimiana mlangoni mwa kanisa.

Kitabu cha uraia cha mjukuu wangu kinasema
rais ni mwakilishi wa watu wote.
Wote: neno jepesi mdomoni.
Sisi wa Bellwort ni mia tisa tu,
na mwaka wa tatu huu
hatujakubaliana rangi ya mnara wa maji.

Mimi na Emmerich tumefutana kura tangu ujana,
yake huku, yangu kule, jumla sifuri,
kisha jioni ananiazima koleo la theluji
na analirudisha likiwa safi.

Februari, alasiri,
akaja Luz Arredondo wa kiwanda cha nyama,
macho mekundu ya zamu ya usiku,
mkononi kifurushi cha mwanawe Nemesio,
anwani ya kijeshi, herufi na tarakimu tupu,
nchi haikutajwa.
Soksi, aliniambia. Na peremende za ndimu.
Nikapima. Nikagonga muhuri.
Yeye akawa anautazama ule mraba.

"Aliyempeleka mwanangu ndiye anayekaa pale?"
Ndiye, nikasema. Picha iko njiani.
"Basi ilete. Siwezi kuuliza ukuta."

Nilikosa la kumjibu, nikampa risiti.
Usiku nikageuka kitandani na maneno yake.
Sikumchagua mtu yule; kura yangu ilianguka.
Lakini ilianguka ndani ya hesabu, si nje yake.
Kalamu ikitia saini kule mbali,
wino una tone langu, tone la Emmerich,
na la Luz pia, aliyepanga foleni saa mbili
akiwa bado na aproni ya kazini.
Tulimtuma. Naye akatuma.
Njia ni ile ile, kwenda na kurudi,
na mimi, mtu wa posta, nilipaswa kulijua hilo mapema.

Picha ilifika Machi, ndani ya boksi, kona moja imebonyea.
Emmerich, ambaye hakumpigia kura
na hachoki kuutangazia mji,
ndiye aliyenishikia kiti.
"Inua kushoto," akasema. "Kidogo tena.
Kama ni wetu, asikae upande."

Luz alikuja karibu na kufunga.
Hakuwa na barua wala kifurushi.
Akasimama chini ya picha, kofia mkononi,
akamtazama yule mtu machoni
muda ambao ningeweza kupanga barua za mtaa mzima.
Kisha akamtajia jina la mwanawe,
mara mbili, taratibu, herufi kwa herufi,
kama mtu anayemsomea karani anwani
asije akaikosea.